Goti la Sajeevan

Usipoziba ufa utajenga ukuta, anasema Thureya
akiwa mlangoni, leso puani.
Sina ukuta, bibi wee. Nina goti.
Goti la kushoto, limeliwa na chaza wenye makali
kule Barka, tunakosugua mdomo wa bomba
linalokunywa bahari ili mji upate chai.

Julai. Digrii arobaini na nne kivulini,
na mimi nimezima kiyoyozi, madirisha wazi,
maana gundi hii ukijifungia nayo
inakulevya kabla haijashika kitu.
Magazeti juu ya meza ya chakula.
Vazi nimelilaza kifudifudi kama mgonjwa wa kukandwa:
neopreni nyeusi, nzito, inanuka chumvi
na ule mkojo ambao kila mzamiaji hukana.

Nimelifua kwa sabuni ya mche,
nikalianika siku mbili ndani, kwa kuwa jua la huku
hupasua mpira kama linavyopasua midomo.
Kisha mkasi. Hapo moyo ukasita:
kutengeneza kunaanza kwa kuharibu zaidi.
Nilikata palipooza, nikakata hadi pazima,
tundu la sarafu likawa tundu la yai.

Nyuma ya mlango wa stoo
linaning'inia vazi la Sajeevan, la buluu.
Mkataba ulipokwisha alifunga televisheni,
mablanketi mawili, maziwa ya unga ya watoto,
na mizani ya uwanja wa ndege haikukubali mpira.
"Litakufaa," alisema. Halikunifaa.
Sajeevan mwembamba kama uzi; mimi, tumbo hunitangulia.
Leo nimemkata mgongoni,
palepale nilipokuwa nikimgonga vidole viwili
huko chini, kumwambia: twende juu.

Gundi, safu nyembamba. Subiri.
Ya pili. Subiri tena. Kahawa, tende mbili.
Watu hudhani gundi hushika ikiwa mbichi.
Hii hushika ikishakauka, pande zote mbili,
na ikishika imeshika,
hakuna "samahani, sogea kidogo."
Nilikiweka kiraka upande, kidogo tu,
kama kofia ya mtu aliyechelewa sala.
Basi. Kitakaa hivyohivyo.

"Lete hapa," akasema Thureya. "Unashona
kama unafunga gunia."
Yeye ni mshona kofia, vitundu elfu na elfu,
riziki yake ni kutoboa.
Nikamwambia: hapa usitoboe.
Ingia nusu ya unene, zunguka, toka ulikoingilia;
upande wa ngozi usiione sindano.
Akanitazama kama mtoto anayemfundisha mama kupika.
Kumbe bibi yake wa Ng'ambo
alishona hivyo pindo za kanzu za wakubwa.
Saa nzima hatukusema neno.
Leso ilishaanguka, harufu ameisahau.

Kwapani nako akatia kikwapa, kama cha kanzu,
kwa kuwa mimi nimenenepa na mpira haukunenepa.

Kulijaribu, usiulize. Poda, jasho,
mguu mmoja ndani, kiuno kimekwama,
Thureya anavuta zipu na kucheka
hata akaketi sakafuni, zipu nusu njia,
nami nimesimama jikoni kama sili aliyekosea mlango.

Jumapili, mita tisa.
Ule ubaridi unaopanda kutoka chini
wakati juu kunachemka.
Vazi hili halizuii maji, hapo ndipo watu hukosea.
Huyaruhusu machache,
huyabana kwenye ngozi mpaka yawe na joto lako.
Nilipiga goti kwenye chuma, goti la buluu,
nikasugua.

Haitham, kijana mpya, akanigonga mgongoni
vidole viwili.
Hewa ilikuwa bado ipo.
Nikamwonyesha kiganja: ngoja.
Pembeni ya kiraka, pale nilipokosea,
maji yalikuwa yanaingia
uzi kwa uzi, baridi,
nami nikayaacha yaingie kidogo.